Projekta Imekataa Waifai: Jua Imekwamia Wapi Kabla Hujaondoa Nenosiri

Katika kumbi za Nairobi, projekta ikikataa kuingia kwenye waifai, ushauri wa kwanza hutoka viti vya nyuma: "Boss, si utoe tu hiyo paswadi?" Na mara nyingi hutolewa kweli. Mkutano unaendelea, watu wanaenda zao, na mtandao wa kanisa, wa chuo au wa ofisi unabaki wazi hadi siku mtu atakapogundua kwamba ghorofa nzima ya chini inautumia kutazama mpira. Tena mara nyingi nenosiri halikuwa na hatia yoyote. Projekta ilikuwa imekwama mahali pengine kabisa, na kuondoa ulinzi hakukutibu kitu.

Fikiria unavyoingia jengo la ofisi mjini. Askari langoni anataka kitambulisho, mapokezi wanakupa beji yenye nambari, lifti inakufikisha ghorofa ambazo beji inaruhusu, na ofisi unayoiendea ina mtu wake mlangoni. Projekta na laptopu hupita hatua kama hizo: kukubaliwa na waifai, kupewa anwani ya IP (nambari ya kifaa ndani ya mtandao), kuonana, kisha kuruhusiwa kuonyesha picha. Kila hatua ina dalili zake. Ukizijua, utaacha kubahatisha.

Kabla ya kubadilisha lolote, fungua menyu ya projekta, nenda kwenye ukurasa wa taarifa za mtandao, na upige picha kwa simu. Ukurasa huo una jina la mtandao, yaani SSID, nguvu ya mawimbi, aina ya ulinzi na anwani ya IP. Mambo hayo manne ndiyo yatakayokuongoza, na picha itakuokoa ukitaka kurudisha mipangilio ilivyokuwa.

## Jina la mtandao halimo kwenye orodha

Simu inauona mtandao, projekta haiuoni. Nenosiri bado halijafikiwa hapa, kwa hiyo liache.

Anza na bendi, yaani masafa ya mawimbi ya waifai. Projekta nyingi za zamani, na nyingi za bei nafuu hadi leo, husikia 2.4 GHz pekee. Ruta ikitangaza jina lako kwenye 5 GHz tu, kwa projekta hiyo jina halipo duniani. Washa 2.4 GHz kwenye ruta. Njia ya haraka ya kuthibitisha ni hotspoti ya simu: iweke kwenye 2.4 GHz, na kama projekta itaiona papo hapo, umepata jibu. Kwenye iPhone 12 na zilizofuata, ndani ya mipangilio ya hotspoti kuna swichi ya kuongeza upatanifu na vifaa vingine; ukiiwasha, simu hutangaza kwa 2.4 GHz.

Projekta yenye 5 GHz nayo inaweza kuwa kiziwi nusu. Kila bendi imegawanywa katika chaneli. Chaneli 36, 40, 44 na 48 husikika na karibu kila kifaa. Chaneli za 52 hadi 144 hushirikiana na rada, na vifaa kadhaa havizisikilizi kabisa. Ruta iliyoachwa ijichagulie chaneli huweza kuhamia huko usiku, ndiyo maana utamsikia mtu akiapa kwamba jana ilifanya kazi na hakuna aliyeigusa. Anasema kweli. Ifunge ruta kwenye 36 au 44 na uendelee na kazi.

Kwenye 2.4 GHz kuna mtego wa kwetu hasa. Bidhaa za maduka ya elektroniki ya Luthuli Avenue hutoka pande zote za dunia, na projekta iliyotengenezewa soko la Marekani huishia chaneli ya 11, ilhali ruta inaweza kuwa kwenye 12 au 13. Chagua 1, 6 au 11, ambazo hazigongani.

Mtandao uliofichwa jina lazima uliandike kwa mkono, herufi kubwa na ndogo zikiwa sawasawa. MediaTeam si Mediateam. Binafsi sioni faida ya kuficha jina. Mwenye nia mbaya na programu ya bure ataliona mara tu kifaa chako kinapojiunga, na anayeteseka ni mtu wa projekta anayelichapa kwa rimoti, herufi moja baada ya nyingine.

Halafu kuna kizimba. Kwa kuhofia wizi, shule na makanisa mengi hufungia projekta ndani ya sanduku la vyuma lililoning'inizwa darini, mara nyingi chini ya mabati. Chuma hula mawimbi. Fungua mlango wa kizimba na uangalie kama nguvu ya mawimbi inapanda. Ikipanda, hakuna mpangilio wowote wa menyu utakaokusaidia. Sogeza kituo cha waifai kikaribie, au, na hili ndilo ninalolipendekeza kwa projekta yoyote isiyohamahama, vuta kebo ya mtandao hadi pale juu. Waliopandisha nyaya za stima na HDMI wangepandisha na hiyo wakati uleule.

## Jina linaonekana, nenosiri linakataliwa

Sasa uko kwa askari. Kosa la kuchapa ndilo la kwanza kuchunguzwa, na lina sura zake. Herufi kubwa I na herufi ndogo l hufanana kwenye skrini, 0 na O vilevile. Nafasi tupu mwishoni mwa nenosiri lililonakiliwa haionekani lakini inahesabiwa. Nenosiri la WPA2, mojawapo ya aina za ulinzi wa waifai, lina herufi 8 hadi 63. Ukiandika pungufu, projekta nyingi hata hazitakubali kuhifadhi.

Mtego wenyewe uko kwenye ng'. Wengi wetu tukitunga nenosiri hukimbilia maneno ya nyumbani, na Ng'ombe, Ng'ang'a au Kung'ara yakaingia humo. Kibodi ya iPhone, unapoandika ujumbe wa kawaida, huigeuza alama ile iliyonyooka kuwa iliyopinda. Mtu akitunga nenosiri ndani ya WhatsApp, kisha akalinakili kwenye ukurasa wa ruta, ruta inaweza kulipokea hivyohivyo. Kibodi ya projekta ina alama iliyonyooka peke yake. Utaandika nenosiri sahihi hadi jioni na utakataliwa kila mara. Tumia herufi na tarakimu tupu, lakini ziwe nyingi: maneno manne yasiyohusiana yana nguvu kuliko neno moja lililojazwa alama, na yanachapika kwa rimoti.

Kama nenosiri ni sahihi na umelihakiki kwa simu nyingine, tazama aina ya ulinzi. Historia fupi inasaidia hapa. WEP, ulinzi wa kwanza wa waifai, ilivunjwa na watafiti mwaka 2001. WPA ilikuja 2003 kuziba pengo, WPA2 mwaka 2004, na WPA3 mwaka 2018. Projekta inajua zile tu zilizokuwepo ilipotengenezwa. Ruta mpya ya fiba ikiwekwa WPA3 pekee, projekta ya mwaka 2015 italiona jina, itapokea nenosiri, kisha itashindwa bila maelezo ya maana. Dawa ni kuweka ruta kwenye hali ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3. Isipotosha, kuna kipengele kinacholinda mawasiliano ya usimamizi kati ya ruta na vifaa, ambacho kwa kawaida huandikwa PMF. Kikiwekwa kuwa cha lazima, vifaa vya zamani hukatwa. Kiweke kuwa cha hiari. Na kama hutaki kuulegeza mtandao mzima kwa ajili ya mashine moja, tengeneza jina la pili la WPA2 lenye nenosiri lake, na vifaa vya zamani vikae huko. Hilo ni bora zaidi.

Ukiwa pale pale utaona njia mbili za kuficha data: chagua AES, usichague TKIP. TKIP ni mabaki ya enzi za WPA, na vifaa vingi vikilazimishwa kuitumia hushuka hadi kasi ya 54 Mbps, hata kama ruta ni ya jana. WEP usiiguse kwa sababu yoyote ile. Projekta ambayo haijui kingine ila WEP ipewe kebo.

Sababu nyingine ni orodha ya vifaa vinavyoruhusiwa kwa anwani ya MAC, yaani nambari ya utambulisho ambayo kifaa hutoka nayo kiwandani. Projekta yenye tundu la kebo na waifai ina anwani mbili tofauti za MAC, moja kwa kila njia, na watu hunakili ile iliyobandikwa kwenye kibandiko cha chini, ambayo huenda ni ya kebo. Soma ile ya waifai kwenye ukurasa wa taarifa ndani ya menyu. Simu nazo, tangu Android 10 na iOS 14, hujibadilisha anwani hiyo kwa ajili ya faragha, kwa hiyo orodha ya namna hii inasumbua wenyeji kuliko inavyozuia wezi.

Kitufe cha WPS, kinachounganisha kifaa na ruta bila kuandika nenosiri, kinaokoa muda wa kuchapa, na si vibaya kukitumia kisha kukizima. Ile njia ya WPS ya kuandika tarakimu nane ndiyo ya kuzima milele: udhaifu wake ulitangazwa mwishoni mwa 2011, na nambari hiyo inaweza kukisiwa kwa saa chache.

## Inataka jina la mtumiaji na cheti

Vyuo vikuu, mashirika na ofisi kubwa mara nyingi hazitumii nenosiri moja la wote. Zinatumia WPA2 au WPA3 ya kitaasisi, ambapo kila anayeingia ana akaunti yake na seva ndiyo inayoamua. Eduroam, waifai ya pamoja ya vyuo ambayo hapa Kenya inasimamiwa na KENET, mtandao wa elimu na utafiti, ni ya aina hii.

Kwanza hakikisha projekta yenyewe inaweza. Kwenye menyu ya ulinzi tafuta neno EAP au PEAP, yaani njia za kuingia kwa akaunti. Kama hakuna, usipoteze asubuhi yako. Omba idara ya teknolojia ikupe mtandao wa vifaa, au kebo.

Kama ipo, omba akaunti ya projekta. Usiweke akaunti yako mwenyewe. Siku utakayobadilisha nenosiri lako, projekta itaendelea kujaribu lile la zamani usiku na mchana, na seva inaweza kuifunga akaunti yako bila wewe kujua kwa nini. Kwa eduroam, jina la mtumiaji huandikwa lote pamoja na sehemu ya baada ya @. Jina tupu halitafika popote.

Ikiwa akaunti ni sahihi na bado inakataa, tazama saa ya projekta. Cheti cha seva, yaani hati ya kidijitali inayothibitisha kwamba seva ni ya kweli, kina tarehe ya kuanza na ya kuisha. Projekta iliyokaa stoo bila stima inaweza kuamka ikidhani ni mwaka 2000 na kitu, na kwa akili yake cheti kilichotolewa mwaka jana bado hakijaanza kutumika. Utasema: si kuna NTP ya kurekebisha saa yenyewe? Ipo, lakini NTP inahitaji mtandao, na mtandao unahitaji saa iwe sahihi. Iweke tarehe kwa mkono kwanza. Halafu weka tofauti ya saa kuwa +3, zima mabadiliko ya saa ya majira ya joto ambayo sisi hatuna, kisha ndipo uwashe NTP.

Kuna swichi ya kuacha kuhakiki cheti cha seva, na utashawishika. Ukiizima, projekta itamkabidhi jina na nenosiri mtu yeyote atakayetangaza mtandao wenye jina kama la kwenu. Pakia cheti cha mamlaka ya taasisi kupitia USB au ukurasa wa usimamizi, na uache uhakiki umewashwa.

## Imeunganishwa, lakini anwani inaanza na 169.254, au ni sufuri tupu

Nenosiri limepita. Ruta ndiyo haijatoa anwani.

Mtandao wa kawaida wa nyumbani au ofisi ndogo, wenye kinyago (subnet mask, kinachoonyesha ukubwa wa mtandao) cha 255.255.255.0, una nafasi 254 tu, na ruta nyingi hugawa pungufu ya hizo. Kanisa lililojaribu projekta Jumatano usiku likiwa na watu sita litashangaa Jumapili watu wakifika mia tatu, kila mmoja na simu mfukoni iliyojiunga yenyewe. Anwani zimekwisha. Punguza muda wa kukopesha anwani hadi saa moja au mbili, na uwape washiriki mtandao wao tofauti na ule wa vifaa vya madhabahuni. MiFi za mfukoni zina ukomo mdogo zaidi, mara nyingi watumiaji 10, na projekta ikiwa ya kumi na moja haitaingia hata ukiiombea.

Dalili jirani: asubuhi inafanya kazi, ikifika saa nne inakatika. Hapo kuna mtu aliyeipa projekta anwani ya kudumu, tuseme 192.168.1.50, bila kuiambia ruta. Simu ya mtu imefika, ruta ikaigawa 50 hiyohiyo, na sasa wawili wanagombania. Rudisha projekta kwenye DHCP, yaani ipewe anwani na ruta, kisha kwenye ruta ihifadhie anwani kwa MAC yake. Utapata anwani isiyobadilika bila ugomvi.

## Projekta ina anwani, laptopu haiioni

Hii ndiyo inayokula muda kuliko zote, na ndipo watu wengi huondoa nenosiri bure.

Linganisha anwani mbili. Kama laptopu ni 192.168.1.23 na projekta ni 192.168.8.40, na kinyago ni kile cha kawaida, haziko ghorofa moja. Pengine laptopu iko kwenye ruta na projekta kwenye MiFi ambayo mtu aliisahau ikiwaka. Ziweke pamoja.

Kama zinaanza sawa, fungua dirisha la amri na uandike ping ikifuatiwa na anwani ya projekta. Likija jibu, njia iko wazi na tatizo ni la programu. Lisipokuja, njia yenyewe huenda imezibwa, na mzibaji wa kwanza kushukiwa ni utengano wa watumiaji. Mitandao ya wageni huwashwa kipengele hiki makusudi: kila kifaa kinaongea na intaneti, hakuna kinachoongea na jirani. Ni ulinzi mzuri sana hotelini na mgahawani. Kwa projekta ni ukuta. Usiuzime kwa wageni wote. Hamisha projekta na laptopu ya mtoa mada kwenye mtandao wa ndani, au umwombe msimamizi aruhusu kifaa hicho kimoja.

Hoteli za mafunzo, za Westlands hadi Upper Hill, zina kizuizi kingine: ule ukurasa wa kuandika namba ya chumba au kukubali masharti. Projekta nyingi za ukumbini hazina kivinjari cha kuufungua. Mpe mtu wa IT wa hoteli anwani ya MAC aipitishe bila ukurasa, na umpe siku moja kabla. Asubuhi ya mkutano yuko mbio. Vinginevyo beba ruta yako ndogo au tumia hotspoti.

Ping ikijibu lakini programu ya kuonyesha haioni projekta, chunguza laptopu. Windows ilipojiunga na mtandao iliuliza, au iliamua yenyewe, kama ni mtandao wa umma. Ikiuona kuwa wa umma, huzuia vifaa kugunduana. Badilisha uwe wa faragha, kwa mtandao huo tu. Siku programu ilipofunguliwa mara ya kwanza, fayawoli iliomba ruhusa na mtu akabonyeza kughairi kwa haraka. Rudi kwenye orodha ya programu zilizoruhusiwa uipe ruhusa. Kuzima fayawoli yote kwa dakika moja ili kupima ni sawa. Kuiacha imezimwa si sawa.

Wafanyakazi wa mashirika ya kimataifa, na mji huu unao wengi, huja na laptopu zenye VPN inayojiwasha. VPN ya ofisi inaweza kubeba mawasiliano yote hadi Geneva au New York, na projekta iliyo mita nne mbele yao ikawa haifikiki. Waombe waisitishe kwa muda wa wasilisho kama sera yao inaruhusu. Ikiwa hairuhusu, wape HDMI bila mjadala.

Simu: ikiwa Android inaiona projekta na iPhone haiioni, fungua mipangilio ya faragha ya iPhone. Tangu iOS 14, kila programu lazima ipewe ruhusa ya kufikia vifaa vya mtandao wa ndani, na aliyegusa kukataa siku ya kwanza hataulizwa tena. Android nazo huomba ruhusa ya mahali au ya vifaa vilivyo karibu.

Mara nyingine kinachozibwa ni kugunduana tu, hasa pale ambapo kituo cha waifai huzuia matangazo ya vifaa ili kupunguza msongamano. Programu nyingi za projekta zina sehemu ya kuandika anwani ya IP kwa mkono. Iandike, na mara nyingi utaingia moja kwa moja.

La mwisho hapa ni la waliofuata ushauri wangu wa kebo na kusahau waifai ikiwaka. Projekta iliyochomekwa kebo na kujiunga na waifai ya mtandao uleule huchanganyikiwa ijibu kwa njia gani. Zima moja.

## Picha inafika, lakini intaneti ya laptopu imepotea

Huo si ugonjwa. Umejiunga na mtandao unaotangazwa na projekta yenyewe, na huo hauna intaneti. Simu za Android zikigundua hivyo huweza kurudi kwenye data kimyakimya na picha ikakatika, ziambie zibaki. Ukihitaji vyote viwili, tumia njia ya kupitia ruta.

## Picha inakwamakwama

Angalia kama ni TKIP, kama nilivyosema. Kama si hiyo, ni msongamano: katikati ya mji mtu anaweza kuona mitandao thelathini kwenye 2.4 GHz. Hamia 5 GHz. Video ndefu ichezeshwe kwa HDMI au USB.

## Picha ya mtu mwingine imejitokeza skrini

Kwenye majengo ya Tom Mboya Street na River Road, chuo kinaweza kuwa ghorofa ya tatu na kanisa ya nne. Mwalimu wa chini anachagua projekta ya kwanza anayoiona kwenye orodha, na waumini wanaonyeshwa hesabu za uhasibu katikati ya ibada. Hiyo ni bahati njema. Ingeweza kuwa kitu kibaya zaidi.

Chanzo huwa ni kimoja kati ya viwili: ule mtandao wa projekta yenyewe umeachwa bila nenosiri, kama ulivyotoka kiwandani kwa modeli nyingi za zamani, au projekta haiombi nambari ya siri kabla ya kupokea picha. Tibu vyote. Upe mtandao huo WPA2 na nenosiri, au uzime kabisa kama unatumia ruta. Washa nambari inayotokea skrini. Kwenye projekta za Epson ni tarakimu nne zinazobadilika, na aliye nje ya ukumbi hawezi kuziona. Fanya hivyohivyo kwa Miracast, njia ya kutuma skrini moja kwa moja bila waya, ambayo hupita kando ya ruta yako na haijali nenosiri la waifai. Zima pia ruhusa ya mtu mpya kumkatiza anayeonyesha. Na badilisha jina la projekta: jina la kiwandani lenye tarakimu nyingi ndilo linalomfanya mwalimu wa chini akisie.

## Ukurasa wa usimamizi unakataa, au unatisha

Ukiandika anwani ya IP ya projekta kwenye kivinjari, nyingi zina ukurasa wa kuidhibiti. Kivinjari kikionya kwamba muunganisho si salama, ni kwa sababu cheti cha HTTPS projekta imejitolea yenyewe. Ukiwa una uhakika ni anwani yako, endelea. Usirudi HTTP, isiyoficha mawasiliano, kwa sababu ya onyo hilo.

Nenosiri la ukurasa huo ni tofauti na la waifai, na watu huyachanganya. Kwenye Epson za miaka ya nyuma jina ni EPSONWEB na nenosiri la kiwandani ni admin, jambo linalopatikana kwenye mwongozo wowote, maana yake kila mwanafunzi mtundu analijua. Projekta mpya hukulazimisha uweke lako kabla ya kukuruhusu chochote. Sehemu ya msukumo wa mabadiliko hayo ilitoka kwenye sheria zinazokataza nenosiri moja la kiwandani kwa vifaa vyote, kama ile ya California iliyoanza kutumika Januari 2020 na ya Uingereza ya Aprili 2024, na sisi tumefaidika bila kupiga kura. Nenosiri lako jipya liandike mahali.

Ukurasa ukipatikana projekta ikiwaka na kutoweka ikizimwa, tafuta mpangilio wa hali ya kusubiri. Ile ya kubana umeme hukata mtandao. Kuna nyingine inayouacha hai.

Kama hutumii PJLink, njia ya kudhibiti projekta kupitia mtandao, izime. Hutumia poti 4352, na hata ikiwekwa nenosiri, amri zenyewe husafiri bila kufichwa. Ikihitajika na mfumo wa kudhibiti kumbi, iwe kwenye mtandao wa vifaa ambao wageni hawaufikii.

## Menyu ya mtandao imefungwa

Hutokea sana kwa projekta za mitumba. Mmiliki wa kwanza, labda shule ya Ulaya, aliifunga. Kurudisha mipangilio ya kiwandani kupitia menyu mara nyingi hakuondoi nenosiri la ulinzi, kwa sababu liliwekwa makusudi kumzuia mwizi. Epson huonyesha nambari ya ombi ambayo unaipeleka kwa huduma yao pamoja na uthibitisho kwamba kifaa ni chako. Kwa hiyo dukani, kabla hujalipa, washa projekta, fungua menyu ya mtandao, ubadilishe kitu kimoja na ukihifadhi. Muuzaji akisema hiyo ni kazi ndogo ya fundi, mwambie aimalize kwanza.

## Projekta ndogo za Android za bei ya kurusha roho

Hizi zina shida ambayo haitaonekana kama dalili. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, mtandao wa vifaa vilivyoambukizwa, vingine tangu kabla ya kununuliwa, na projekta za kidijitali zilitajwa kwa jina. Kifaa cha hivyo hujiunga vizuri kabisa, picha safi, huku kikitumia intaneti yako kwa kazi za watu wengine. Ishara za kutilia shaka: hakina uidhinishaji wa Play Protect (ukaguzi wa usalama wa Google kwa Android), kinakutaka uzime Play Protect ili kisakinishe kitu, au kinaahidi chaneli za kulipia bure. Kiweke kwenye mtandao wa wageni, ule wenye utengano, na ukipelekee picha kwa HDMI. Kwa ofisi yenye data za wateja ningesema kisiingie mtandaoni kabisa.

## Kabla ya kurudisha projekta ya kukodi

Nenosiri la waifai yenu limo ndani yake, na kesho itakuwa kwa mtu mwingine. Futa mipangilio ya mtandao, ukichagua kufuta ya mtandao peke yake. Ukichagua kufuta yote kwenye projekta iliyofungwa darini, hata kama ni yenu, picha inaweza kurudi ikiwa kichwa chini, kwa sababu imesahau kwamba inaning'inia. Fungua tena ukurasa wa taarifa na uhakikishe sehemu ya SSID haina jina la mtandao wenu. Vyeti vilivyopakiwa huwa na sehemu yake ya kufuta, viangalie kando. Na kama mliingiza akaunti ya taasisi, waambie idara iifunge siku hiyohiyo.